Shajara ya mradi: nasaba ya polimerasi za ukoo B, Tengeru, Februari hadi Aprili

3 Februari

Swali la mradi huu limetoka ndani ya friji. Katika kisanduku kimoja cha maabara tunamofanyia kazi hapa Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha, tumeweka vichupa viwili vya vimeng'enya vinavyorudufisha DNA ndani ya mashine ya PCR. Kimoja ni Taq, kinachotokana na bakteria Thermus aquaticus ambaye Thomas Brock na Hudson Freeze walimwelezea mwaka 1969 kutoka katika chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani. Kingine ni Pfu, kinachotokana na Pyrococcus furiosus, arkea (kiumbe wa seli moja asiye na kiini, wa kundi tofauti na bakteria) aliyepatikana katika mashapo ya bahari yenye joto kali kisiwani Vulcano, Italia, na kuelezwa mwaka 1986. Kijana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo aliniuliza wiki iliyopita: "Dada, hivi viwili si ndugu? Vyote vinaitwa polimerasi, na vyote vinapenda moto." Nikamjibu kwamba ni ndugu, kwa sababu nilikuwa na haraka. Jioni, nikiwa kwenye daladala ya kurudi Usa River, nilijisuta.

Si ndugu wa karibu hata kidogo. Taq ni ya ukoo A na Pfu ni ya ukoo B. Kupenda moto kumetokana na makazi ya viumbe vyenyewe, wala hakusemi lolote kuhusu nani kamzaa nani. Tofauti ya nasaba inaonekana hata katika utendaji: Pfu inaweza kurudi nyuma hatua moja, kung'oa nyukliotidi, yaani herufi moja ya DNA, iliyowekwa kimakosa na kuendelea, ilhali Taq haina uwezo huo, na ndiyo maana mtu anayetaka nakala zenye makosa machache huchukua kichupa cha pili.

Tangu mapema miaka ya 1990 polimerasi za DNA zimekuwa zikigawanywa katika koo kwa kulinganisha mfuatano wa amino asidi zake, yaani viungo vinavyoshikana mmoja baada ya mwingine kuunda protini. Herufi A, B na C zilifuata jeni tatu za bakteria E. coli, yaani polA, polB na polC. Baadaye zikaongezwa X, Y na D, pamoja na ukoo wa vimeng'enya vinavyotumia RNA kama kielelezo cha kuandikia DNA. Mradi wangu umejifunga kwenye ukoo B, kwa sababu humo ndimo zilimo polimerasi zinazonakili DNA ndani ya kiini cha seli zetu na za mifugo yetu, na humohumo zimo polimerasi za virusi vitatu vinavyowasumbua wafugaji wa ukanda huu: kirusi kinachotoka kwa nyumbu na kuua ng'ombe, kirusi cha mapele ngozi, na kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika. Ninataka kujua polimerasi za virusi hivi zinakaa wapi katika mti wa nasaba wa ukoo B zikilinganishwa na zile za wanyama wanaougua.

11 Februari

Nimeanza kukusanya mifuatano ya protini kutoka katika hazina za umma, na siku mbili za kwanza nimezipoteza kwa kuamini majina. Niliandika neno la kutafutia "polimerasi alfa" nikitegemea kupata kimeng'enya cha ukoo B ambacho katika seli zenye kiini hushirikiana na praimesi, kimeng'enya kinachoandika kipande kifupi cha RNA cha kuanzia, kuanzisha uzi mpya wa DNA. Kweli kilikuja, lakini kikafuatana na mafuriko ya protini za bakteria zilizoandikwa "kijisehemu cha alfa cha polimerasi III". Hiyo ni ya ukoo C. Wawili hawa ni wajina tu, na kuwaweka katika mpangilio mmoja ni sawa na kumwandikia urithi mtu baki kwa sababu anaitwa Juma kama marehemu.

Mkanganyiko huu una historia yake. Mwaka 1956 Arthur Kornberg na wenzake walipata katika E. coli kimeng'enya cha kwanza kujulikana kinachojenga DNA, na kwa miaka zaidi ya kumi wengi walidhani ndicho kinachonakili jenomu nzima, yaani DNA yote, ya bakteria huyo. Mwaka 1969 Paula De Lucia na John Cairns wakaeleza aina ya E. coli iliyokaribia kukosa kabisa utendaji wa kimeng'enya hicho, na bado ikakua na kugawanyika. Hapo ndipo utafutaji ulipoanza upya, zikapatikana polimerasi II na III, na mmoja wa waliozipata alikuwa Thomas Kornberg, mwana wa Arthur. Kwa hiyo I, II na III ni namba za zamu ya kugunduliwa, na zote tatu ni za koo tofauti: I ni A, II ni B, III ni C. Alfa, delta, epsiloni na zeta za seli zetu nazo zilipewa majina bila kujali nasaba; hizi nne zimo katika ukoo B, lakini beta ni ya ukoo X, na gama inayonakili DNA ya mitokondria ni ya ukoo A.

Nimeacha kutafuta kwa jina. Sasa natafuta kwa mfanano wa mfuatano, nikianza na protini chache ambazo umbo lake limeshapimwa maabara, kisha nasoma kila ninacholetewa.

19 Februari

Umeme ulikatika mara tatu leo, na kompyuta ikazimika katikati ya kazi. Nimejifunza kuiagiza programu ihifadhi hatua iliyofikia kila baada ya dakika chache. Hakuna zaidi la kuandika.

26 Februari

Mpangilio sambamba wa kwanza umekamilika, na ulikuwa mbaya kiasi cha kunifanya nidhani programu imeharibika. Mpangilio sambamba, kwa msomaji ambaye hajawahi kuufanya, ni kuiweka mifuatano mstari chini ya mstari ili amino asidi zinazodhaniwa kurithiwa kutoka nafasi moja ya mhenga zisimame katika safu wima moja; mahali ambapo protini moja ina kipande ambacho nyingine haina, hujazwa kwa vistari. Mti wote unajengwa juu ya safu wima hizo. Safu zikipotoka, mti utachorwa vizuri tu, tena kwa rangi, na utakuwa wa uongo.

Katika mpangilio wangu kulikuwa na bonde kubwa la vistari katikati kabisa ya sehemu inayofanya kazi ya kunakili, mahali ambapo ukoo mzima unatakiwa ufanane kuliko pengine popote. Nilihesabu urefu wa kila mfuatano, na mhusika akajitokeza: Thermococcus kodakarensis, arkea kutoka kisiwa cha Kodakara nchini Japani, ambaye polimerasi yake huuzwa kwa kazi za PCR kwa jina la KOD. Kimeng'enya kinachouzwa kina amino asidi 774. Jeni niliyoichukua ilikuwa na kodoni 1671, na kila kodoni ni herufi tatu za DNA zinazoagiza amino asidi moja.

Tofauti hiyo ya 897 ni vipande viwili vya inteini, kimoja cha amino asidi 360 na kingine cha 537. Inteini ni kipande cha protini kilichopachikwa ndani ya protini nyingine, ambacho baada ya protini nzima kutengenezwa hujikata chenyewe na kuziunganisha kingo mbili zilizobaki, hivi kwamba kimeng'enya kilichokomaa hakionyeshi kovu lolote. Inteini nyingi hubeba pia kimeng'enya cha kukata DNA, ambacho husaidia jeni ya inteini kuhamia kwenye nakala nyingine isiyo nayo. Ni kupe, kwa lugha ya nyumbani, ila ni kupe anayejua kutoka bila kuacha kidonda. Anapenda kukaa mahali ambapo mwenyeji hathubutu kubadilisha kitu, na ndiyo sababu nimemkuta katikati ya sehemu muhimu kuliko zote. Thermococcus litoralis naye alikuwa na wake wawili. Pfu, ambaye ni jamaa yao wa karibu, hana hata mmoja.

Nimezikata inteini zote kwa mkono, nikilinganisha kila ukingo na Pfu. Ningeziacha, programu ya kupanga ingehangaika kuzitafutia wenza katika protini za nyumbu na binadamu, na ingewapata, kwa kuwa programu ya aina hii haijui kusema sina.

6 Machi

Baada ya usafishaji, mpangilio umeanza kusomeka. Alama kuu ya ukoo B imesimama wima kutoka juu hadi chini: aspartiki, threonini, aspartiki, ambazo kwa herufi za wataalamu huandikwa DTD. Katika alfa, delta na zeta za binadamu, katika polimerasi II ya E. coli na katika virusi vya jamii ya herpesi, alama hiyo imo ndani ya kifungu YGDTDS. Katika Pfu ni YIDTDG, na katika faji phi29, kirusi kidogo cha bakteria, ni YCDTDS. Kinachozunguka kinabadilika, D mbili hazibadiliki. Sababu yake inajulikana kutokana na maumbo yaliyopimwa: polimerasi hizi zina umbo la mkono wa kulia wenye kiganja, vidole na dole gumba, na D za kiganjani hushikilia ioni mbili za metali, kwa kawaida magnesi, zinazowezesha nyukliotidi mpya kuungana na uzi unaokua. Ukiiondoa D mojawapo, mkono utabaki na umbo lake lakini hautaandika kitu.

Epsiloni ya binadamu imenipa kazi ya siku nzima. Ina amino asidi 2286, na nilidhani tena kuna kupe. Hapana. Epsiloni ni kama polimerasi mbili za ukoo B zilizounganishwa kichwa kwa mkia: nusu ya kwanza ni nzima na inafanya kazi, na nusu ya pili imepoteza amino asidi zake za kichocheo, ikabaki kama nguzo ya kuushikilia mtambo wa unakili. Mwaka 2009 Tahir Tahirov na wenzake walieleza kwa kina nasaba ya nusu hii iliyokufa. Mpangilio wangu ulikuwa umeikamata nusu ya pili kwa baadhi ya spishi na nusu ya kwanza kwa nyingine, yaani babu na mjukuu wamepangwa mstari mmoja. Nimeamua kutumia nusu ya kwanza pekee.

Jambo jingine la kuandikwa ni kwamba alfa ina sehemu yenye umbo la kihariri, ile inayopaswa kung'oa makosa, lakini amino asidi zake muhimu zimebadilika na sehemu hiyo haifanyi kazi. Zeta nayo haihariri. Kwa hiyo kuwepo kwa uhariri si kigezo cha kugawa matawi ndani ya ukoo huu, kwani umepotea zaidi ya mara moja. Nimefuta sentensi mbili katika pendekezo langu la mradi zilizodai vinginevyo.

14 Machi

Mti wa kwanza umetoka leo saa kumi jioni. Kabla ya kuuamini kwa jambo nisilolijua, niliujaribu kwa jambo linalojulikana.

Jaribio lenyewe ni kirusi cha nyumbu. Mwaka 1960 Walter Plowright na wenzake, wakifanya kazi nchini Kenya, walionyesha kwamba nyumbu hubeba kirusi kinachosababisha kwa ng'ombe homa kali yenye kamasi nyingi, macho yenye ukungu na, mara nyingi sana, kifo. Kirusi hicho ni cha jamii ya herpesi. Nyumbu mwenyewe haugui. Ndama wake wa miezi mitatu ya mwanzo ndiye anayekimwaga kwa wingi kupitia kamasi na machozi. Wafugaji wa Kimasai wa Ngorongoro na Simanjiro walikuwa wakiwahamisha ng'ombe kutoka maeneo ambayo nyumbu wanazalia muda mrefu kabla maabara yoyote haijawaeleza kwa nini. Kondoo naye ana kirusi chake cha aina hiyohiyo, ambacho hakimdhuru yeye bali huua ng'ombe. Virusi hivi viwili vinajulikana, kwa ushahidi wa jenomu zima, kuwa ni ndugu wa karibu. Jamaa anayefuata ni kirusi cha binadamu kinachohusishwa na saratani ya Kaposi, na baada yake kile cha Epstein na Barr.

Mti wangu, uliojengwa kwa polimerasi peke yake, umetoa mpangilio huohuo: nyumbu na kondoo pamoja, kisha cha Kaposi, kisha cha Epstein na Barr, na mbali zaidi herpesi zinazosababisha vidonda vya mdomoni. Nilifurahi kuliko ilivyostahili, maana hili ni jaribio jepesi. Virusi hivi havijaachana kwa muda mrefu kiasi cha kufuta kumbukumbu ya nasaba yao.

Profesa wangu anajali tawi hili kwa sababu ya kikazi. Mwaka 1996 VanDevanter na wenzake walichapisha seti ya vianzishi vya PCR, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha mahali pa kuanza kunakili, vinavyoweza kunasa takriban herpesi yoyote, hata isiyojulikana, na walivielekeza kwenye vifungu vya polimerasi ambavyo havibadiliki, kimojawapo kikiwa kile chenye YGDTDS. Mtu anayepokea damu ya ng'ombe aliyekufa huko Monduli anaweza kuanza na vianzishi hivyo bila kujua kwanza anatafuta kirusi gani. Mpangilio wangu wa safu wima, hata kama mti utanishinda, unaonyesha ni wapi kianzishi kinaweza kukaa.

20 Machi

Furaha ya wiki iliyopita imeishia kwenye mapele ngozi na homa ya nguruwe.

Kirusi cha mapele ngozi ni jamaa wa ndui, na polimerasi yake imekaa bila ubishi pamoja na za ndui ya kondoo na ya mbuzi, kisha na ile ya kirusi cha chanjo ya ndui. Kirusi cha homa ya nguruwe ni cha peke yake. Kilielezwa kwa mara ya kwanza na Montgomery mwaka 1921 kutoka Kenya, makao yake ya asili ni ngiri na papasi wanaoishi katika mashimo yao, na kati ya virusi vyote vinavyoenezwa na wadudu na jamaa zao ndicho pekee kinachojulikana kuwa na jenomu ya DNA. Kina polimerasi mbili: moja ya ukoo B inayonakili jenomu, na nyingine ya ukoo X, yenye amino asidi 174 tu, ambayo ni miongoni mwa polimerasi ndogo kuliko zote zinazojulikana. Katika kirusi kimoja wamo wafanyakazi wa koo mbili ambazo hata viganja vyao havikutokana na umbo moja. Ile ya X nimeiacha nje.

Shida ni kwamba mti umeyaweka makundi haya mawili, ndui na homa ya nguruwe, pamoja kwenye shina moja refu, mbali kabisa chini ya mti, jirani na faji phi29. Faji huyo huanzisha unakili wake kwa kutumia protini badala ya kipande cha RNA, na polimerasi yake ina vipande viwili vya ziada vinavyoendana na kazi hiyo. Hakuna sababu ya kibiolojia ya kumweka jirani na ndui. Kilichowakusanya ni urefu wa matawi yao.

Joseph Felsenstein alionyesha mwaka 1978 kwamba baadhi ya mbinu za kujenga miti huvuta matawi marefu pamoja hata kama hayana undugu, na kwamba kuongeza data hakusaidii, bali kunaifanya mbinu ishikilie kosa kwa uhakika zaidi. Protini inayobadilika haraka hukusanya mabadiliko mengi kiasi kwamba baadhi yake hufanana kwa bahati tu na ya protini nyingine inayobadilika haraka. Wageni wawili wanaokutana stendi ya Arusha usiku, wote wakiwa hawamjui mtu, wataonekana wamekuja pamoja.

Nilichotumia si mbinu ile aliyoikosoa, lakini modeli yangu, yaani kanuni za hesabu za jinsi amino asidi zinavyobadilika, ilikuwa rahisi mno: ilichukulia kwamba kila safu wima inaruhusu amino asidi zilezile kwa viwango vilevile. Kiganja hakiko hivyo. Kuna safu isiyokubali chochote ila D, na kuna safu inayokubali kitu chochote chenye kupenda mafuta. Ninarudia kwa modeli mchanganyiko, inayoipa kila safu nafasi ya kuwa na mapendeleo yake. Itachukua siku kadhaa, umeme ukiruhusu.

Kosa jingine ni langu mwenyewe. Kila tawi hupewa kipimo cha uthabiti: programu huchota safu wima kwa nasibu, ikirudisha kila iliyochotwa, hujenga mti upya mara nyingi, na kuhesabu ni mara ngapi tawi limejirudia. Niliona tawi lenye 82 katika mia nikaandika "limethibitishwa". Hiyo ingekubalika kwa kipimo cha asili alichokipendekeza Felsenstein mwaka 1985, ambako wengi huridhika na 70. Mimi nilitumia toleo la haraka, na waandishi wake wanataka angalau 95. Nimepitia ukurasa mzima na kalamu nyekundu.

2 Aprili

Modeli mchanganyiko imemaliza. Faji phi29 ameachana na ndui na kurudi kwa wenzake wanaoanzisha kwa protini, pamoja na adenovirusi. Herpesi zote zimekaa upande wa delta, si upande wa alfa wala epsiloni, na tawi hilo limevuka kiwango. Ndui na homa ya nguruwe nazo zimesogea upande wa delta, ila mahali pake kamili panahama kila ninapoondoa spishi moja au mbili.

Nilimpelekea Profesa karatasi. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka miwani na kukaa kimya kwa muda. Kisha akaniuliza swali moja:

"Mwanangu, mti huu mzizi wake uko wapi?"

Nilimwonyesha upande wa kushoto. Akacheka. Akanikumbusha kwamba programu huchora upande wa kushoto kwa sababu karatasi ina upande wa kushoto. Mti niliojenga hauna mzizi. Unaonyesha nani yuko karibu na nani, lakini hauonyeshi nani alitangulia.

9 Aprili

Wiki nzima nimekuwa nikitafuta mzizi, na naandika hapa njia tatu nilizojaribu ili asije mtu mwingine akapoteza muda kwazo kama mimi.

Ya kwanza ni kuweka mzizi katikati ya umbali mrefu kuliko wote ndani ya mti. Njia hii huchukulia kwamba matawi yote yamebadilika kwa mwendo unaokaribiana. Ndui zinakanusha jambo hilo kwa macho matupu.

Ya pili ni kumleta mtu wa nje, yaani polimerasi ya ukoo mwingine. Ukoo A ndio unaofaa kidogo, kwa kuwa kiganja chake na cha ukoo B vina mkunjo mmoja wa asili, ilhali viganja vya C na X vina mkunjo wa aina nyingine kabisa, na D, ya arkea, inafanana zaidi na vimeng'enya vinavyotengeneza RNA. Hata hivyo A na B vimeachana zamani mno. Undugu wao unaonekana ukiweka maumbo mawili juu ya mengine. Katika herufi za mfuatano kinachobaki cha kushikika ni D mbili na vitu vichache. Nilipoiingiza Taq kwenye mpangilio, ilijishikiza kwenye tawi refu lililokuwa wazi. Ningelitegemea nini.

Ya tatu ni kuwatumia arkea kama mzizi wa seli zenye kiini. Inaelekea kuwa ya busara, lakini arkea wana polimerasi B za aina zaidi ya moja, na alfa, delta na epsiloni hazionyeshi kutoka kwa mmoja wao kwa pamoja. Nikiweka mzizi kwa aina moja, epsiloni inahama. Nikiuweka kwa nyingine, inarudi. Polimerasi II ya E. coli haisaidii pia, maana bakteria wengi hawanayo kabisa, na inavyotawanyika katika mti wa bakteria inaonekana kama kitu kilichopokewa kutoka nje kuliko urithi wa mababu.

Swali hili lina uzito kwa sababu mwaka 2000 Luis Villarreal na Victor DeFilippis walipendekeza kwamba polimerasi za unakili za seli zenye kiini zilitokana na virusi, wakianzia kwenye ukaribu wa polimerasi ya kirusi cha mwani na delta. Wengine wanaisoma picha hiyohiyo kinyume: virusi viliiba delta kutoka kwa wenyeji wa zamani sana. Ukaribu ninaouona kati ya herpesi na delta unakubaliana na masimulizi yote mawili. Nimeona makala za kujifunzia zinazotaja upande mmoja kama jambo lililokwisha, na nakiri kwamba rasimu yangu ya Februari ilikuwa mojawapo.

Ushahidi wa ukaribu wenyewe, kinyume chake, ninaamini ni imara, na haumo katika mti pekee. Afidikolini, kemikali inayotolewa na kuvu, huzuia alfa, delta na epsiloni za seli zetu, na huzuia pia polimerasi za herpesi na za kirusi cha chanjo ya ndui, lakini huiacha gama ya mitokondria iendelee na kazi yake. Kemikali haijasoma mpangilio wangu, na imewagawa kwa namna ileile: B upande huu, A upande ule.

17 Aprili

Mvua za masika zimeanza kwa nguvu na barabara ya kutoka sokoni ni tope. Nimemaliza mchoro.

Nimeuchora kwa duara, bila mzizi, ili asiwepo msomaji wa kudanganywa na upande wa kushoto. Tawi la kirusi cha nyumbu na cha kondoo limechorwa kwa mstari mzito. Shina la herpesi limeungana na upande wa delta kwa mstari mzito pia. Kwa mapele ngozi na homa ya nguruwe nimeyavunja matawi yote yaliyo chini ya 95, yakabaki yametoka kwenye nundu moja kama vidole, bila kudai nani kamtangulia nani. Profesa alipendekeza nipake rangi tofauti polimerasi zilizopoteza uhariri, na nimefanya hivyo: alfa na zeta zimetoka za kijivu, kila moja kwenye tawi lake.

Orodha ya namba za mifuatano, mipaka ya inteini nilizozikata na mahali nilipoikata epsiloni nimeihifadhi katika faili moja pamoja na amri zote nilizoipa programu, na nakala nimemwachia yule kijana wa mafunzo ya vitendo. Kesho nitamwita kwenye friji, nimtolee vichupa vile viwili, nimwambie kwamba jibu nililompa siku ile lilikuwa la makosa.